Wa Kwanza Wote wa Sent Welington

Luhaga alifungua robota la mitumba akitegemea jinzi, akakuta masweta. Masweta ya watoto, mekundu, mazito kama blanketi, kila moja lina nembo ya simba aliyesimama kwa miguu miwili kama abiria anayedai chenji. Mtu mwingine angekaa chini akalia. Nani avae sweta Mwanza, mji ambao hata mawe yanatoa jasho? Luhaga alimtazama simba, simba akamtazama, wakaelewana. Sare ilikuwepo. Kilichokosekana ni shule.

Na haraka alikuwa nayo. Mkewe, Roza, alikuwa amerudishwa kwao Magu na baba yake, Mzee Masele, kwa sababu mahari haijaonekana.

"Ukileta ng'ombe utamkuta," mzee alimwambia. "Usipoleta utamkuta pia, ila hutaondoka naye."

Luhaga, mzaliwa wa Mirongo, katikati ya mji, alikuwa hajawahi kuchunga hata kuku.

Miaka ile biashara ilikuwa imeachwa huria na kila mtu ameingia na lake. Waliopata fedha za sangara walipeleka watoto Kenya na Uganda kusaka Kiingereza, na kwenye foleni za benki kule Nyamagana akina mama walitambiana kwa hilo tu. Luhaga akapanga ghala la zamani la pamba, akalipaka chokaa, akaandika ukutani: SHULE YA KIMATAIFA YA KIINGEREZA SENT WELINGTON. Hakuna kanisa linalomjua mtakatifu huyo, lakini wazazi hawakuuliza habari zake. Waliuliza masweta yako wapi.

Watoto wakajaa. Wakavaa, wakachuruzika jasho, wakaimba "gudi moning seh" mpaka majirani nao wakajua. Mwalimu alikuwa Luhaga mwenyewe, na ilipofika saa ya hesabu alikuwa akipatwa na kikao cha dharura.

Kazi ilikuja siku ya kufunga muhula. Luhaga alikuwa amesikia kwamba Waingereza hawampangi mtoto nafasi, wanaandika maendeleo yake. Hilo lilimfaa sana, kwani halihitaji mtihani. Akaandika ripoti zote kwa maneno yale yale: ana juhudi, anashirikiana na wenzake, anaendelea vizuri.

Mzazi aliyetangulia kuchukua ripoti alikuwa Rebeka, mama mwenye kukodisha turubai, viti na masufuria ya sherehe. Akaigeuza karatasi mbele na nyuma.

"Odeta wangu wa ngapi?"

"Mama, kwa viwango vya Uingereza..."

"Mwalimu, nimeuliza wa ngapi. Au hukuwahesabu?"

Luhaga hakuwa mtu wa kubishana na mteja. Akachukua kalamu, akaandika: wa kwanza. Uso wa Rebeka ukafunguka kama dirisha. Luhaga akaona jinsi furaha ilivyo rahisi kutengeneza, na kwa huruma aliyojaliwa akaamua asimnyime mzazi yeyote. Darasa zima likawa la kwanza.

Wiki haikuisha, Rebeka akarudi. Safari hii hakukaa.

"Mwalimu, mtoto akiwa wa kwanza, mzazi anafanya nini?"

"Anamshukuru Mungu."

"Anachinja, anaita watu, anakodi turubai. Jumamosi moja! Mama Shimba kaja, mtoto wa kwanza. Baba Malimi kaja, mtoto wa kwanza. Turubai langu ni moja, Mwalimu, na wa kwanza hawaishi."

"Mama, mfumo wa Kiingereza ni wa kina. Kila mtoto anashindana na nafsi yake."

"Aa! Na anaishinda?"

"Kila muhula."

Rebeka akacheka mpaka akashika mlango. Kicheko kile kilimpa Luhaga moyo. Mwanamke anayecheka hivyo, aliwaza, hawezi kuita polisi.

"Mimi sina maneno," Rebeka alisema akijifuta machozi. "Odeta nimempa mfuko wa unga asome maandishi, akanisalimia gudi moning. Yamepita. Ila wenzangu wakikutana kwenye viti vyangu Jumamosi, watalinganisha. Wakija hapa wakukute na ada yao mkononi, sijui itakuwaje. Nasikia unatafuta ng'ombe?"

"Nani kakuambia?"

"Mji mzima unajua mkeo yuko Magu. Kaka yangu Mihayo yuko Misungwi, ana mitamba ya daraja la juu. Ada ikigeuka ng'ombe, nani ataitambua? Watakaa kwa Mihayo wanenepe kwanza, kama watu wanavyowekeana mifugo siku zote. Na mimi nitakuletea taarifa ya maendeleo."

Ada yote ikaondoka ndani ya kikapu cha Rebeka, chini ya vijiko vya kukodisha.

Jumamosi ikapita salama. Ikawa sherehe moja kubwa ya wazazi wote, na hakuna aliyemgusa Luhaga. Walimtazama tu, wakitabasamu. Jumatatu wakafika walimu wawili wenye vyeti kutoka chuo cha Butimba. Rebeka ndiye aliyewaleta, na watoto wakavuliwa masweta. Luhaga hakuuliza nani anawalipa. Mtu anayepewa msaada haulizi maswali ya utovu wa shukrani.

Taarifa nazo zikawa zinakuja: ng'ombe wana juhudi ya kula, wanashirikiana na wenzao, wanaendelea vizuri. Ya mwisho ilikuwa na nyongeza: wote wa kwanza. Luhaga akaifumbata kifuani, akapanda basi la Magu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ng'ombe wako wapi?"

"Misungwi, baba, wananenepa. Taarifa hii hapa."

Mzee Masele hakuigusa. "Wa rangi gani?"

Kila mchungaji anamjua ng'ombe kwa rangi yake kabla hajamjua kwa kitu kingine. Hata mtoto wa miaka sita hapo bomani angejibu.

"Wa... wa daraja la juu, baba."

"Pembe zao?"

"Zinaendelea."

"Umewaona kwa macho?"

Ndipo Luhaga alipokumbuka kicheko cha Rebeka, na vile viti vyote Jumamosi, na wazazi wakimtazama na kutabasamu, na wale walimu wawili ambao hakuuliza nani anawalipa. Roza, mlangoni, alifunika mdomo kwa kanga, mabega yakitikisika.

Mzee Masele akaichukua karatasi sasa, akaikunja vizuri, akamrudishia mkwewe mfukoni.

"Nenda salama, mwanangu. Usiwe na wasiwasi na mkeo. Ana juhudi, anashirikiana na wenzake. Kila muhula nitakutumia taarifa."