Roho Yangu Yaenda Kidodi

Jumapili, 7 Oktoba 1951

Nimeaibika! Tena mbele ya Natalia. Baada ya ibada tulikaa barazani kwa baba yake, Mzee Vitalis, nyapara wetu sisi wakata mkonge, mtu apendaye maswali magumu kuliko ugali. Leo aliuliza: mtu akiota yuko kwao Songea, ni nani hasa aliyekwenda Songea? Nikajibu haraka kuwa ni roho. Mwili ni nyumba, roho ni mwenye nyumba, hutoka ikitaka. Hoja safi kabisa. Nikolaus, fundi wa kinu cha mkonge, akauliza kwa upole: Anselmi, kama mwenye nyumba ametoka, anayekoroma ndani ni nani? Baraza zima likacheka. Natalia alishika mbavu.

Kibaya zaidi, mimi na Nikolaus sote wawili tumemposa Natalia. Mzee atatoa jibu Jumapili ijayo, na amesema wazi kwamba hamtoi binti yake kwa mtu asiyeweza kutetea neno lake. Nampenda Natalia mpaka chakula hakipiti. Lazima nithibitishe kuwa roho hutoka.

Jumatatu, 8 Oktoba

Nimepata! Roho yangu itakwenda Kidodi mchana kweupe, kwa Siwema, shangazi yake Natalia, na kurudi na habari. Habari zenyewe nimekwishazipata kwa Mathayo, utingo wa lori liendalo Kidodi, kwa ugoro kidogo tu. Mbuzi wa shangazi kazaa pacha, na upepo umeezua jiko lake. Nani atabisha?

Jioni nilikwenda kwa Mzee. Shikamoo, marahaba, kisha nikaomba ruhusa ya Alhamisi. Akauliza kwa nini mwili usiendelee kukata mkonge roho ikiwa safarini. Sikulitegemea hilo. Nikasema roho husafiri na akili, na mwili usio na akili ukishika panga utajikata mguu. Akatafakari sana, akakubali. Nikolaus alikuwapo. Akasema kumbe Alhamisi kutakuwa na maiti chumbani kwa Anselmi. Nikamwambia ndiyo, ni kama maiti. Wivu tu unamsumbua.

Alhamisi, 11 Oktoba

Asubuhi nililala chali, macho nimefumba, mlango wazi ili watu waone. Mzee na Natalia wakaketi kushuhudia. Mara vilio! Ida na Wahehe wenzake wa kambini! Mimi Mngoni, wao watani wangu, na msiba wa Mngoni ni sherehe ya mtani. Nikolaus ndiye aliyewapelekea habari. Na mtani hakasirikiwi, hata akikufanya nini.

Wakanipaka majivu. Wakala maharage yangu yote. Ida akavaa kofia yangu, akatembea kama mimi, akatangaza kwamba marehemu hakuwa hodari wa kukata mkonge, ila usingizi aliukata vizuri. Mwili ulitaka kucheka, akili ikakataa. Nzi akatua puani. Nilivumilia! Wakanipima urefu kwa fimbo, wakabishana kama wanikunje ili kupunguza kazi ya kuchimba. Hata hilo nilivumilia.

Kisha Ida akamgeukia Natalia, akamwuliza kama angekubali kuolewa na marehemu. Natalia akasema taratibu, "Labda ningemkubali. Lakini ndiyo hivyo, amekwenda."

"Nimerudi!"

Roho, akili na mwili, vyote vitatu viliruka kitandani pamoja. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Nikajikaza, nikaeleza ya Kidodi: pacha wa mbuzi, jiko lililoezuliwa. Mama mmoja mnene aliyesimama mlangoni akasema yeye hajafuga mbuzi maishani mwake. Ndiye Siwema. Alishuka jana kwenye lori lile lile la Mathayo. Mwongo mkubwa yule, na ugoro wangu ameula.

Jumapili, 14 Oktoba

Mzee alimwachia Natalia ajibu mwenyewe. Amemchagua Nikolaus. Alinitazama bila dhihaka hata kidogo, akasema, "Kaka Anselmi, mimi nataka mume ambaye nikimwita, yupo nyumbani mzima."

Nimeumia. Sikudhani ningeumia hivi. Mchana sikula kitu, na Ida, mtani au si mtani, aliniletea uji akakaa nami bila utani.

Jioni nikala. Tumbo likishiba mtu huona mambo kwa haki, nami nimeliona kosa langu. Roho na akili nilizipeleka pamoja, mzigo mzito mno kwa safari ya kwanza! Marselina, muuza vitumbua wa kijiji cha Mabwerebwere, nilipomweleza hakucheka sana. Kwake nitapeleka akili peke yake. Roho itabaki kuulinda mwili, na hapo Wahehe hawatakuwa na maiti ya kulilia. Kesho siendi kukata mkonge. Nitalala kutwa, kwa mazoezi.