Bidoni Nazo Zinapiga Kura

Watu wa Bujumbura wanaweza kumpita mgonjwa hospitalini bila kuona haya, lakini hawathubutu kusogeza bidoni, dumu tupu la mafuta, iliyopangwa foleni. Uhaba wa mafuta ndio uliowafundisha adabu hiyo. Bidoni ikiwa kwenye mstari ni mtu, ina zamu yake, na anayeigusa huchezea makofi. Adabu ya kijinga, naam, na Twalibu aliipenda kuliko swala zake.

Alfajiri ya siku ya uchaguzi alipita penye shule ya kupigia kura, mtaani Mutakura, akakuta watu wachache wanasinzia ukutani. Moyo wake ukacheka. Alirudi nyumbani mbio, akabeba bidoni zake tupu, akazipanga mbele ya wote. Geti lilipofunguliwa, foleni ilikuwa imezunguka shule nzima, na hakuna aliyeuliza bidoni itampigia nani kura. Mwalimu mmoja mwenye miwani aliinua hata ile iliyoanguka, akaifuta vumbi.

Twalibu hakutafuta utajiri, alitafuta kumrudisha mkewe. Houda alikuwa kwao Kajaga, amenuna, na baba yake, mzee Aboubacar, alishakata maneno: "Niliozesha mutoto wangu kwa mutu wa gari. Leo ukuje na gari, ao usikuje tena." Gari lilikuwepo. Essence, yaani petroli, ndiyo haikuwepo.

Mkiani mwa foleni alimwona Léoncie, muuza vitenge, ananukia marashi na kusonya.

"Mama, mutu kama we anasimama huku nyuma?"

"Nifanye je, frère? Nimeacha duka."

"Mi niko na nafasi kule mbele. Franga sitaki. Nataka essence."

Léoncie alimpima kwa macho, akaenda kwenye gari lake, akarudi na bidoni imejaa. Twalibu alifungua, akanusa mpaka machozi yakamtoka. Akachovya kidole, akanusa tena. Essence yenyewe!

Walipofika mbele, Zénon, fundi wa baiskeli, aliwazibia njia.

"Uyu mama anatoka wapi?"

"Bidon ni zake!" Twalibu alipaza sauti foleni nzima isikie. "Wallahi, nimemuona akiziweka na mikono yake!"

"Zote?" Léoncie aliuliza kwa upole.

"Zote, mama. Usiogope."

Zénon akaomba pardon.

Twalibu alikimbilia gari lake lililokwama nyuma ya shule, akamimina, akawasha. Gari likakohoa, likatetemeka, likazimika. Akamwaga chini yaliyobaki kwenye bidoni: maji matupu. Essence ilikuwa kidogo tu, inaelea juu. Kila anayepika mchuzi anajua mafuta hukaa juu ya maji, na Twalibu alijua pia, ila akili nyingi huondoa maarifa.

Alirudi anafoka. Léoncie alikwisha kupiga kura, kidole kina wino, ameketi juu ya bidoni mojawapo. Nafasi zilizobaki alikuwa anazibadilisha kwa sukari, nayo imeadimika mjini kama mafuta, na wenye sukari walikuwa wanagombana.

"We mama! Umenipa maji! Toka ku bidon zangu!"

"Zako?" Zénon alimkamata ukosi. "Si we umeapa kwa Mungu?"

"Muizi wa bidon!" mtu alipiga kelele, na kwa wale wasioshtuka hata nchi ikiibwa, hilo lilikuwa kosa la kuua. Walimsukuma, walimrarulia shati, wakamtupa mkiani mwa foleni.

"Mumuache," Léoncie alisema kwa huruma ya uongo. "Frère, ukitaka nafasi, leta sukari."

Simu ikalia. Aboubacar.

"Mukwe, uko wapi?"

"Niko ku mulongo, baba."

"Mulongo ya kura ao ya essence?"

Twalibu alitazama ile foleni ya watu, akatazama zile bidoni. Aliona aibu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akasema kweli.

"Sijui, baba."

"Basi bakia apo. Houda alikuwa amefunga mizigo akikungoja; sasa ameisha kutoa nguo mu valizi."