Mashine Moja, Foleni Mbili

Jumatatu, 8 Julai
Ng'ombe wameingia tena kwenye mahindi. Kijiji kizima cha Getanuwas kimenuna. Gaudensia, mkulima, na Mzee Gidamis, mfugaji, wametukanana mlangoni mwa mashine yangu ya kusaga mpaka nikazima injini nisikie vizuri. Wateja wengine wakabeba magunia wakaondoka. Wiki moja ya namna hii, nafunga biashara. Ila kijiji kina bahati. Kina mimi.

Jumanne, 9 Julai
Nimebandika tangazo: Jumatano wakulima, Alhamisi wafugaji. Mke wangu Marieta akauliza nimeshauriana na nani. Nikasema na akili yangu. Akasema basi kikao hakikutimiza akidi.

Jumatano, 10 Julai
Foleni ndefu, amani tupu. Nikasimama kifua mbele. Kisha Gaudensia akauliza wanunuzi wako wapi. Hapo ndipo nikakumbuka. Mkulima huja na mahindi bila hela. Humuuzia mfugaji debe moja pale mlangoni, ndipo anilipe. Na wafugaji nimewakataza mwenyewe. Gaudensia, mkubwa kwangu kwa miaka mingi, akaniamkia shikamoo mbele ya watu. Kisha akaondoka na gunia lake. Wenzake nyuma.

Alhamisi, 11 Julai
Wafugaji wamekuja na punda na hela. Mahindi hawana; siku zote huyanunua kwenye foleni, kwa wakulima. Mzee Gidamis akauliza wasage nini, punda? Mashine haijaguna kutwa. Nasikia wote, wakulima na wafugaji, wamehamia kwa Margwe, mwenye mashine ng'ambo ya korongo. Margwe, jamani! Unga wake ni kokoto.

Ijumaa, 12 Julai
Nimepita kwa Margwe, kusalimia tu. Mashine yake mbovu, foleni haisogei. Gaudensia na Mzee Gidamis wamebishana pale mpaka matusi yakawaishia, wakabaki na mazungumzo. Wamepatana: ng'ombe wapite korongoni, mzee atoe mbolea ya zizi kufidia mahindi yaliyoliwa, na baada ya mavuno mabua yawe ya mifugo yake. Margwe akaniuliza kama na mimi nimeleta debe langu.

Jumamosi, 13 Julai
Nimebandua tangazo. Marieta anasema suluhu imeletwa na ubovu wa mashine ya Margwe. Sikatai. Lakini nani aliwapeleka kule? Nimevaa koti la harusi kwenda dukani, watu waone mpatanishi.

Jumatatu, 15 Julai
Wamerudi wote. Unga laini haukimbiwi. Gaudensia na Mzee Gidamis wamesimama pamoja, wananicheka kwa lugha moja. Fahari iliyoje.
Ila uchaguzi wa kitongoji unakaribia, na leo wafuasi wa Wilbard na wa Frida wamerushiana maneno kwenye foleni. Nimeshanunua karatasi nyingine. Asubuhi watu wa Wilbard, mchana watu wa Frida.
Marieta anasema yeye ni wa Frida na funguo za mashine anazo yeye, sasa asubuhi nani atafungua?
Nimemjibu sheria ni sheria. Aje mchana.