Mpiga Pompe wa Serikali

Jamani, leo nimevuliwa nguo mbele ya kijiji kizima. (Suruali ninayo bado. Nasema heshima.)

Mnajua mimi ni karani wa utalii hapa Kamina. Ndiyo, utalii, na vita hivi! Watalii pekee niliowaona mwaka huu wana bunduki, na hawaulizi njia. Lakini bosi ameamua: fomu ya "Wajibu wa Serikali katika Utalii wa Vijijini", yenye sahihi ya chifu, iwe mezani kwake kesho asubuhi. Hakuna fomu, hakuna kazi. Na fomu yenyewe ni moja tu, karatasi zimekwisha.

Nikapanda baiskeli, nikashika njia ya Kabongo. Karibu na kijiji cha chifu, gurudumu la nyuma likaisha upepo. Nikafika nikisukuma, jasho tele, tai shingoni. Pale mwanzo wa kijiji alisimama mzee mwenye kaptula iliyochanika.

"Papa, shika velo yangu! Tafuta pompe, jaza upepo. Mbio!"

"Ndiyo, patron," akasema, akaishika.

Barazani, mtu mnene ameketi kwenye kiti cha chifu, ngozi ya chui miguuni. Nikafanya yote ya kwetu ya kumsalimu chifu: magoti, makofi, udongo mikononi na kifuani (shati jeupe la kanisani!). Kisha hotuba. Barabara, nyumba za wageni, ngoma kila Jumapili. Nusu saa! Yule wa kitini anatokwa jasho kuliko mimi.

Nikamnyooshea fomu. "Sahihi, chifu."

"Miye? Miye napika pombe tu! Bantu ba Leta bakikuya na karatasi, tunakalisha muntu mwingine pa kiti. Chifu anaangalia kwanza kama bamekuya kukamata vijana ao mbuzi. Weye unaleta maneno tu, basi tunakuambia."

(Leta ni Serikali. Yaani mimi.)

"Sasa chifu iko wapi?"

Wote wakatazama nyuma yangu. Mzee wa kaptula alikuwa akipiga pompe, taratibu, bila kuinua kichwa. Nilitamani ardhi inimeze.

Magoti tena. Udongo tena. Nikamsomea swali: kijiji kinataka Serikali ifanye nini? Akaniandikisha maneno yake:

"Kwanza Leta ijifunze kusalimia. Wageni bengine tutabaona kisha."

Akatia sahihi, akaikunja fomu mwenyewe, akanirudishia na baiskeli yangu. Gurudumu limejaa vizuri, sina lawama.

Nimeifungua nyumbani. Pale penye "Cheo", ameandika: Mpiga pompe wa Serikali.

Anayetaka kucheka, aje kesho aipeleke kwa bosi yeye.