Bi Tuovi Aijaribu Nyumba ya Daktari wa Meno

Mtalii huangalia mto. Mtu anayefikiria kustaafu huangalia ngazi. Valdemar Quintela alijifunza tofauti hiyo kwa miaka mingi ya kukaa mkahawani karibu na daraja la mji mdogo wa Tavira, akinywa kahawa moja asubuhi nzima. Ndiyo maana, siku ile ya Novemba, alipomwona mama mmoja wa Kifini akisimama mbele ya duka la dawa kusoma saa za kufungua, kisha akienda sokoni kuuliza bei ya viazi bila kununua hata kimoja, aliilipia kahawa yake, jambo lililomshtua mhudumu, akaweka skafu sawa na kumfuata.

Rasmi, Valdemar alikuwa mwangalizi wa nyumba za likizo za watu wa nje. Wenyewe wakirudi Ujerumani au Uholanzi walimwachia funguo, naye akawamwagilia maua. Lakini kwa moyo wake mwema aliona si haki nyumba nzuri zikae tu zimefungwa, kwa hiyo aliziuza. Si kuziuza moja kwa moja. Alipokea arubuni tu. Baada ya hapo hati zilichelewa, mwanasheria akaugua, sheria ikabadilika, na mnunuzi akachoka, akarudi kwao kwenye theluji. Mwenyewe alisema anawasaidia wazee wasifanye maamuzi ya haraka.

Mama yule aliitwa Tuovi. Alikuwa mjane, mfupi, mwenye viatu imara na uso wa mtu asiyejua kudanganya. Kwao, alieleza, jua lilikuwa limeshaaga mpaka Machi na magoti yalikuwa yakimlalamikia.

"Nafikiria kustaafia huku," alisema taratibu, kama anayekiri jambo la aibu.

Valdemar alitamani kumbusu paji la uso.

Alimpeleka kilimani, kwenye nyumba ya Daktari Helmbrecht, daktari wa meno wa Hamburg ambaye hakuwahi kuonekana kabla ya Pasaka. Ilikuwa nyumba nyeupe, yenye michungwa uani na baraza ya juu inayotazama mashamba ya chumvi. Valdemar alisema ni ya marehemu shangazi yake, akainamisha kichwa kidogo kwa heshima ya shangazi ambaye hajawahi kuzaliwa. Bi Tuovi alizunguka, akagonga kuta, akafungua mabomba. Akasema ameipenda, na kwamba kalamu anayo mkobani.

"Ila nyumba za nchi za joto nazijua, mwanangu. Kiangazi zote nzuri. Nataka niijaribu Januari, nione inavyoishi. Ikinifaa, nakupa arubuni na shukrani juu."

Valdemar alipiga hesabu haraka. Daktari hayupo, mama ana haraka ya jua, na samaki kama huyu haji kila msimu. Akamkabidhi funguo kwa mikono miwili.

Mtu asiyeishi kwetu hudhani nchi ya joto ina nyumba za joto. Mvua za Januari ziliponyesha, sakafu za vigae ziligeuka barafu, na ndani kukawa baridi kuliko nje. Bi Tuovi alifungua mlango akiwa na koti, glavu na kofia.

"Nimezaliwa kwenye barafu," alimwambia, "lakini sijawahi kulala na kofia. Sasa sijui kama nitanunua."

Valdemar akanunua jiko la kuni la chuma. Juma lililofuata paa likavuja juu ya kitanda, na kwa kuwa fundi angeuliza nyumba ni ya nani, Valdemar alipanda mwenyewe, akapanga vigae mvua ikimwingia shingoni, na Bi Tuovi chini akimshikia ngazi na kumsifu. Kisha kuvu likaota ukutani, ikabidi apake rangi. Kila kazi ilipoisha, Bi Tuovi alisema sasa kalamu i karibu kutoka.

Nyumba peke yake haikutosha. Mtu anayehamia mahali lazima ajue kama chakula cha huko kitamkubali, hivyo kila mchana Bi Tuovi alikula kwa Graciete, binamu yake Valdemar mwenye mgahawa: samaki wa kuchoma, wali wa pweza, na divai kidogo kwa ajili ya magoti. Vyote viliandikwa kwenye daftari la madeni kwa jina la Valdemar. Valdemar alimwendesha kwa daktari wa magoti, ufukweni, hata makaburini, kwa sababu mama alitaka kuona atakapozikwa. Mama alisimama pale muda mrefu, akasema pana upepo.

"Huyu mama ananunua lini?" Graciete aliuliza.

"Kesho. Ameshachagua mapazia."

"Nani kayalipia?"

Valdemar akaomba apitishiwe chumvi.

Mwisho wa Februari, milozi ikiwa imechanua kilima kizima, Valdemar alikuwa juu ya ngazi akipaka madirisha ya mbao rangi ya kijani aliyoichagua mama. Gari likasimama getini. Akashuka Daktari Helmbrecht mwenyewe. Valdemar aliangalia ukuta wa jirani, akapima kama miguu yake bado inaweza kuruka. Haikuweza.

Lakini Daktari hakumtazama hata kidogo. Alikwenda moja kwa moja kwa Bi Tuovi, akamshika mikono yote miwili kama rafiki wa siku nyingi. Alilitazama jiko, akaingia chumbani akainua macho kwenye dari kavu, akatoka akitikisa kichwa kwa furaha. Akasema hakukosea kumwamini mama, kwamba makubaliano ni makubaliano: mama akae bure msimu mzima, na nyumba itengenezwe. Kisha akatoa bahasha, fedha za vifaa na za fundi, akamkabidhi mama.

"Na huyu ndiye fundi wako?" akauliza, akimpungia Valdemar mkono. "Bwana Valdemar, sikujua una kipaji hiki. Nilidhani wewe ni wa maua tu."

Valdemar alishuka taratibu, brashi ikimdondokea rangi kwenye viatu. Daktari alipoingia jikoni kuchemsha chai, Valdemar alimsogelea mama.

"Mama, lile jiko nimenunua mimi."

"Kamwambie basi," Bi Tuovi akajibu kwa upole. "Na umweleze kwa nini ulikuwa unaninunulia jiko ndani ya nyumba yake."

Valdemar alitazama michungwa. Ilizaa vizuri mwaka ule.

Msimu ulipoisha, ni yeye aliyempeleka mama uwanja wa ndege wa Faro, kwa kuwa Daktari alimwomba, na hakuna sababu ya kukataa ambayo ingeweza kusemwa kwa sauti. Njiani alimuuliza alijua lini kuwa nyumba si ya shangazi. Mama akasema asubuhi ya kwanza, alipokwenda kwa jirani kuomba kiberiti; jirani alimtajia mwenye nyumba, namba ya simu, na hali ya meno ya familia nzima. Mwaka uliopita mama mwenyewe alikuwa Malta, kabla ya hapo Krete, na sasa bwana mmoja wa Kupro alikuwa akimsubiri na nyumba yenye kisima. Watu wa nchi za joto, alisema, ni wakarimu mno kwa mtu ambaye bado anafikiria.

"Sasa utastaafu lini kweli, mama?"

"Nilishastaafu zamani, mwanangu. Hii ni kazi niliyoianza baadaye."

Akachukua sanduku lake, akaingia ndani bila kugeuka.

Valdemar alirudi Tavira akiwaza namna ya kumwepuka Graciete. Hakufika mbali. Daktari alikuwa ameshawapigia simu wenye nyumba wote wa kilimani, Wajerumani kwa Waholanzi, akiwasifia fundi mwaminifu wa paa, na kila mmoja alikuwa na tundu lake. Kukataa kungezua maswali. Tangu wakati huo yuko juu ya mapaa, anaungua mgongo, na analipwa kila Ijumaa kwa kazi aliyoifanya. Graciete anasema hajawahi kumwona mtu akizeeka haraka kiasi kile.