Léonard Aenda Walikale Kukomaa

Jumatatu, tarehe 6 Mei. Kibabi.
Mpango bora kuliko yote! Papa Muhindo, mwenye duka, hawezi kumwoza binti yake Kahambu kwa kijana asiye na shamba. Leo nilimwambia kwa uso wa huzuni kwamba Papa Nzabandora, aliyenilea, yuko mahututi, na mashamba yake ya maharagwe yatakuwa yangu. Akaniita mwanangu. Kahambu aliangalia chini. Mapenzi, bila shaka.

Jumatano, tarehe 8 Mei.
Balaa. Papa Muhindo ni Mkatoliki wa kweli. Alipanda kilima hadi kwetu na sukari na blanketi kumfariji mgonjwa. Akamkuta mgonjwa anapasua kuni.

Papa Nzabandora alimkaribisha, akashukuru, akacheka kidogo. Mgeni alipoondoka hakucheka tena. Akaniita.

"Léo, nilikuokota mu shamba ya muhogo, ungali mutoto wa kunyonya. Sijakuuliza kitu hata siku moja. Sasa enda. Urudi ukiisha kuwa muntu mukubwa."

Lazima ni Yves, mpwa wa Papa Nzabandora, aliyemwonyesha mwenye duka njia. Njia yenyewe kila mtu anaijua, lakini lazima ni Yves.

Alhamisi, tarehe 9 Mei.
Yves alinibebea mfuko hadi barabarani, akanivisha koti lake la mvua. Alisema atanisemea kwa Papa. Mnafiki! Nimepanda lori la Walikale, juu ya magunia. Lori limekwama matopeni, tumesukuma. Koti linanibana.

Jumatano, tarehe 15 Mei. Bisie.
Mlinzi wa mgodi aliniuliza kazi yangu. Nikasema chef, yaani mkubwa wa kazi. Chef wa nini? Nikasema wa chochote. Akanieleza kwamba siku hizi mgodi ni wa mashine na watu wenye diplome za shule, wachimbaji wa mikono waliondoka. Hajui aliyempoteza.

Alhamisi, tarehe 23 Mei. Kibua.
Napalilia mihogo ya mjane mmoja, Mama Byukusenge. Kwa muda tu. Nilimwambia mimi ni agronome, mtaalamu wa kilimo. Alinitazama nikikata mihogo na kuacha magugu, akanipokonya jembe kwa upole. Jioni alinipa sombe, majani ya mihogo yaliyotwangwa, akaniuliza watu wangu ni akina nani. Nikaomba maji ya kunywa. Pilipili.

Alhamisi, tarehe 30 Mei.
Yves amepiga simu. Eti Papa yuko kitandani, hali chakula.

"Kaka, kuya. Njo weye anataka."

Nirudi, eti ni mimi ndiye anayetakiwa. Mtego! Ugonjwa huo niliubuni mimi mwenyewe, asiniibie wazo. Tena nitarudije na koti la kuazima? Mama Byukusenge alinifungia ndizi za safari. Nimezila hapahapa.

Jumanne, tarehe 4 Juni.
Yves amepiga tena. Papa amekufa. Nilimjibu sawa, kama mtu aliyeambiwa mvua imenyesha. Nikaenda kuketi katikati ya mihogo. Mama Byukusenge akanikuta huko. Akaketi karibu nami.

Jumapili, tarehe 9 Juni. Kibabi.
Wamekwisha kumzika. Udongo bado mbichi. Yves anasema kila pikipiki ilipopita, Papa aliinua kichwa.

"Alikuwa anasema, njo Léo iko anakuya."

Siku ya mwisho aliagiza tu kwamba mlango usifungwe. Tulilia, Yves na mimi, hadi majirani wakaja.

Kisha Yves akasema shamba ni letu sote wawili, Papa alitaka hivyo. Maharagwe yamekauka, kesho tuvune pamoja. Ujanja! Anatafuta mpagazi. Lakini huko Kibua nimesikia kuna mtu anayetaka mshirika wa kuuza mafuta ya mawese. Mwakani nitarudi na gari, na Kahambu ataona.

Yves amenitandikia kitanda cha Papa. Nimemwambia ndiyo, kesho tutavuna. Lori la Walikale linaondoka alfajiri, kabla hajaamka.