Mikono Ilifika Shingoni

Duka la donati la mji wetu halifunguki lenyewe, hufunguliwa na mzee tunayemwita Trekta. Kastaafu kulima, lakini mdomo bado unalima. Jumatano hiyo theluji ilifika magotini, na sisi tulikuwa mezani tunamsikiliza Koma, mhariri wa gazeti letu la wiki. Hutusomea kabla ya kulipeleka kupigwa chapa.

Rhoda, mhudumu wa duka, alikuwa akitumiminia kahawa, kitambaa shingoni, sauti imemkauka tangu Jumamosi. Alichofanyiwa na mumewe, Wendell, mji mzima unakinong'ona. Wengine wanamwambia asamehe, pombe tu ile.

Koma akakohoa, akasoma: "'Bingwa wa kuvua samaki barafuni akumbwa na tatizo la nyumbani. Wendell Aasgaard, aliyewahi kutoa ziwani samaki wa ratili kumi na moja, alikamatwa baada ya mabishano, ambapo mikono ilifika shingoni mwa mwanamke, naye akapaliwa.'"

"Mikono ya nani?" nikauliza.

"Bibi Elvera, hiyo ndiyo lugha ya gazeti."

"Ilikuja kwa miguu?" Trekta akadakia.

"Mzee, tusimhukumu mtu."

"Mwanangu, kupaliwa ni kwa donati," nikamwambia. "Aliyekabwa kakabwa. Wendell mwenyewe kawaambiaje polisi?"

"Amekiri."

"Sasa wewe unamkania ya nini?"

"Watu wanampenda, bibi."

"Wampende. Picha umeweka ipi?"

Koma akaifunua. Wendell anacheka, kamwinua samaki juu. Trekta akavaa miwani, akaitazama weee.

"Hata samaki huyu kamshika koo."

Rhoda akatua birika. Sauti ikamtoka kama bawaba yenye kutu:

"Samaki ana ratili zake. Mimi hata jina sina."

"Nilikusitiri, Rhoda. Aibu hii."

"Aibu ya nani? Kesho watanisimamisha njiani waniambie gazeti limesema nilipaliwa. Mimi ndiye nitakayeishi na watu hawa, Koma. Andika."

Koma akakata mistari, akakata tena, mpaka karatasi ikawa kama shamba lililopitiwa na nzige. Akasoma polepole:

"'Wendell Aasgaard alimkaba shingo mkewe, Rhoda, mpaka akazimia. Amekiri.'"

"Kumbe kuandika unajua," Trekta akasema.

"Lakini ukurasa utabaki mtupu! Nijazie nini hapo chini?"

"Paache hivyo hivyo," Rhoda akasema, akachukua birika lake. "Nipate kupumua."